Kidole Kinaponyooshwa kwa Mgeni: Mafunzo ya Kesi ya Oscar Slater



Katika vijiji vya mpakani, toka Mutukula hadi Busia na Malaba, kuvuka upande wa pili ni sehemu ya maisha ya kila siku. Kuna anayevuka kuuza ndizi, kuna anayekwenda kuoa, kuna anayetafuta kibarua cha msimu. Kwa hiyo karibu kila kijiji chetu kina mtu ambaye lafudhi yake si ya pale, na ambaye wenyeji hawajui kwao kwa baba yake ni wapi. Siku za amani mtu huyo ni mteja, ni jirani, ni shemeji. Lakini unapotokea msiba mzito, hasa pale bibi kizee aliyeishi peke yake anapokutwa ameuawa ndani ya nyumba yake, neno la kwanza midomoni mwa watu huwa ni hili: "Ni wale wa ng'ambo."

Kinachofuata baada ya neno hilo tunakifahamu sote. Kundi la watu hukusanyika, tairi likatafutwa, na kabla askari hawajafika kijiji kimekuwa na maiti wawili badala ya mmoja. Na ikiwa yule wa pili hakuwa na hatia, basi muuaji wa kweli amepata faida kubwa: hakuna tena anayemtafuta. Huenda yumo miongoni mwa waombolezaji, amekaa mkekani, anapokea chai.

Katika somo hili tumechagua kesi moja ya zamani kutoka nchi ya mbali, nayo ni kesi ya Oscar Slater, iliyotokea katika jiji la Glasgow huko Uskoti mwaka 1908. Tumeichagua kwa sababu haimhusu jamaa wa yeyote kati yetu, hivyo tunaweza kuitazama bila hasira. Tutaona jinsi polisi, mashahidi, mwendesha mashtaka na jaji, wote wakiwa na kiu ya kumpatia bibi kizee haki yake, walivyomfunga mtu asiyestahili kwa zaidi ya miaka 18.

Mauaji yenyewe

Bibi Marion Gilchrist alikuwa na umri wa miaka 82. Hakuolewa, hakuzaa, na aliishi katika nyumba ya ghorofani pamoja na mtumishi mmoja wa ndani, Helen Lambie. Alikuwa na mali, na zaidi ya yote alipenda vito. Almasi zake alizificha katikati ya nguo kabatini. Aliogopa sana wezi. Mlango wake ulikuwa na kufuli zaidi ya moja, na alikuwa amepatana na jirani wa chini, mwanamuziki aitwaye Arthur Adams, kwamba akipatwa na jambo atagonga sakafu naye Adams apande kumsaidia.

Jioni ya tarehe 21 Desemba 1908, yapata saa moja, mtumishi alitoka kwenda kununua gazeti. Hakukaa nje zaidi ya dakika kumi hivi. Katika muda huo Adams alisikia vishindo juu yake. Alipanda, akapiga kengele, akasikia ndani sauti kama ya mtu anayepasua kuni. Mtumishi akarejea, akafungua mlango kwa ufunguo wake. Hapo mwanamume mmoja aliyevaa vizuri akatokea chumbani, akawapita wote wawili kwa utulivu kana kwamba ni mgeni wa kawaida, kisha akashuka ngazi mbio. Bibi Gilchrist alikutwa karibu na meko, kichwa chake kimepondwa.

Mambo mawili ya chumba kile yanatupasa kuyakumbuka. Kwanza, mlango haukuvunjwa. Bibi aliyeogopa wezi kiasi kile alimfungulia mtu huyo mwenyewe, au mtu huyo alikuwa na njia yake ya kuingia. Pili, vito vingine viliachwa mezani wazi, ila bruchi moja tu ya almasi ndiyo iliyotoweka. Bali sanduku la mbao lililokuwa na karatasi za bibi lilivunjwa, na karatasi zikatawanywa sakafuni. Mwizi wa vito huacha karatasi, hachukui karatasi akaacha vito. Dalili hizi zilielekeza kwa mtu aliyemjua marehemu na mambo yake. Wahenga walikwisha kusema: kikulacho ki nguoni mwako.

Jinsi mgeni alivyopatikana

Siku nne baadaye, tarehe 25 Desemba, polisi walipata habari kwamba mtu aitwaye Oscar alikuwa akijaribu kuuza stakabadhi ya rehani ya bruchi ya almasi. Mtu huyo alikuwa Oscar Slater, Myahudi mzaliwa wa Ujerumani, mwenye umri wa miaka 36. Lafudhi yake ilikuwa ya kigeni. Riziki yake aliipata kwa kamari na biashara ya vito, alitumia majina zaidi ya moja, na maisha yake ya nyumbani hayakuwapendeza watu wa heshima. Polisi walipofika kwake walikuta ameondoka usiku uleule kwenda Liverpool, na kesho yake alipanda meli iitwayo Lusitania kwenda New York kwa jina la bandia.

Msomaji yeyote angeona kama kesi imekwisha. Kuna bruchi, kuna mgeni mwenye sifa mbaya, kuna kukimbia. Lakini tupime kimoja kimoja.

Bruchi ile ilipochunguzwa ilidhihirika kuwa si ya Bibi Gilchrist kabisa. Tena Slater alikuwa ameiweka rehani tarehe 18 Novemba, zaidi ya mwezi mmoja kabla ya mauaji. Uzi pekee uliomwunganisha mtu huyu na nyumba ile ulikatika hapo. Na ile safari ya Marekani haikuwa ya ghafla. Alikuwa ameitayarisha na kuizungumza kabla ya mauaji kutokea.

Haki ilitaka polisi warudi mwanzo na kuanza upya. Hawakurudi. Mtu walikuwa wamekwisha kumpata, kilichobaki ni kutafuta ushahidi wa kumtosha. Ndugu zetu, hapa ndipo penye kiini cha somo hili. Upelelezi wa haki huanza na ushahidi ukafika kwa mtu. Ukianza na mtu ndipo utafute ushahidi, utaupata tu, kwa maana hakuna binadamu asiyekuwa na jambo linaloweza kugeuzwa kuwa baya. Slater alikuwa na kinyundo kidogo cha kazi za nyumbani. Kikageuzwa kuwa silaha ya mauaji. Daktari wa kwanza kuuona mwili alifikiri kwamba silaha ilikuwa kiti kilichokuwa palepale chumbani, lakini daktari huyo hakuitwa mahakamani kutoa ushahidi.

Mashahidi waliosaidiwa kukumbuka

Kesi nzima ikategemea macho. Mtumishi Lambie na jirani Adams walikuwa wamemwona muuaji kwa muda mfupi tu alipowapita. Msichana wa miaka 14, Mary Barrowman, alisema kwamba alipigana kikumbo barabarani na mwanamume aliyekuwa akikimbia kutoka nyumba ile. Maelezo ya msichana yalitofautiana na ya wale wawili hata polisi, kwa siku za mwanzo, walidhani wanatafuta watu wawili. Mtumishi mwenyewe alikuwa ameeleza mwanzoni kwamba uso wa mtu yule hakuuona vizuri.

Mashahidi hao watatu walisafirishwa hadi New York. Lambie na Barrowman walilala chumba kimoja melini katika safari nzima. Walionyeshwa picha za Slater kabla ya kumwona. Kisha, wakiwa wamesimama nje ya chumba cha mahakama, Slater alipitishwa mbele yao akiwa katikati ya maofisa waliomlinda. Ni shahidi gani, baada ya hayo yote, angeshindwa kumnyooshea kidole? Wasichana wawili walisema ndiye. Lambie alisema amemtambua kwa mwendo wake. Adams, mtu mzima aliyekuwa mlangoni pamoja na Lambie usiku ule, alisema tu kwamba anafanana naye, na hakukubali kusema zaidi ya hapo.

Slater alikubali kurudi Uskoti kwa hiari yake ili asafishe jina lake. Huko likafanyika gwaride la utambulisho. Mtu mweusi wa nywele, mwenye sura ya kigeni, aliwekwa katikati ya askari waliovaa nguo za kiraia na wafanyakazi wa reli, Waskoti watupu. Gwaride la namna hiyo halimpimi shahidi, linamwonyesha jibu.

Lilikuwapo pia jambo la fedha. Zawadi ya pauni 200 ilikuwa imetangazwa kwa atakayesaidia muuaji kupatikana. Hatusemi kwamba mashahidi waliuza viapo vyao. Tunasema kwamba kumbukumbu ya binadamu ni kama udongo mbichi: ukiubonyeza mara kwa mara upande mmoja, utakauka na umbo la kidole chako, na mwenye udongo ataapa kwamba ndivyo ulivyokuwa tangu mwanzo.

Hukumu

Kesi ilisikilizwa Edinburgh kuanzia tarehe 3 hadi 6 Mei 1909. Mwendesha mashtaka mkuu, Alexander Ure, alitumia muda mwingi kueleza ubaya wa maisha ya mshtakiwa. Jaji, Lord Guthrie, naye akawaambia wananchi 15 waliokuwa wakiamua kesi kwamba mtu wa mwenendo kama ule hawezi kudai ile dhana ya kutokuwa na hatia kwa nguvu ileile aliyonayo mtu wa kawaida. Wananchi 9 wakasema ana hatia, 5 wakasema hatia haikuthibitishwa, mmoja akasema hana hatia. Kwa sheria ya huko wingi huo ulitosha. Slater akahukumiwa kunyongwa tarehe 27 Mei.

Watu zaidi ya 20,000 walitia saini ombi la kumwokoa. Siku mbili kabla ya kunyongwa, adhabu ikabadilishwa kuwa kifungo cha maisha pamoja na kazi ngumu, akapelekwa gereza la Peterhead. Tuzizingatie siku hizo mbili. Kama zisingekuwapo, yote yaliyogunduliwa baadaye yangeandikwa juu ya kaburi.

Askari aliyesema

Mwaka 1912 mwandishi mashuhuri Arthur Conan Doyle alichapisha kijitabu kueleza udhaifu wa kesi hiyo. Lakini aliyelipa gharama kubwa zaidi alikuwa mpelelezi wa polisi ya Glasgow, John Thomson Trench. Trench alishiriki katika upelelezi wa mwanzo, na moyo wake haukutulia. Mwaka 1914 alieleza kwamba usiku uleule wa mauaji mtumishi Lambie alikuwa amelitaja jina la mtu mwingine, mtu aliyemfahamu, na kwamba habari hiyo iliwekwa kando. Uchunguzi ukafanywa kwa faragha, mashahidi hawakuapishwa, na mwisho ikatamkwa kwamba hakuna sababu ya kuigusa hukumu. Mwaka huohuo Trench akafukuzwa kazi. Baadaye yeye na wakili mmoja aliyekuwa upande wake walishtakiwa kwa kosa jingine, wakaachiwa huru. Trench alifariki mwaka 1919, Slater akiwa bado anavunja mawe gerezani.

Sisi tunaovaa sare tunalitaja jina lake kwa heshima. Heshima ya jeshi la polisi haihifadhiwi kwa kuficha kosa lililomweka mtu gerezani. Raia anaposikia kwamba askari mmoja alithubutu kusema ukweli, humwamini askari wa pili. Anapogundua kwamba ukweli ulifichwa, hamwamini hata wa kumi.

Mwisho wa safari ndefu

Mwaka 1925 mfungwa mmoja aliyemaliza kifungo alitoka Peterhead na ujumbe wa Slater aliouficha mdomoni, akaufikisha kwa Conan Doyle. Juhudi zikaanza upya. Mwaka 1927 mwandishi wa habari William Park alichapisha kitabu kingine, magazeti yakawatafuta mashahidi wa zamani, na Barrowman, sasa mwanamke mtu mzima, akaeleza kwamba yeye alikusudia kusema mtu yule anafanana tu. Tarehe 14 Novemba 1927 Slater akafunguliwa, baada ya miaka 18 na nusu. Ilibidi Bunge lipitishe sheria maalumu ili rufani yake isikilizwe, kwa kuwa mahakama mpya ya rufani ya jinai ya Uskoti haikuwa na mamlaka juu ya kesi za zamani kama yake. Mwezi Julai 1928 hukumu ikafutwa. Sababu iliyokubaliwa ilikuwa moja tu: jaji aliwaelekeza vibaya waamuzi kuhusu mwenendo wa mshtakiwa. Akalipwa pauni 6,000. Alifariki mwaka 1948.

Na muuaji wa Bibi Gilchrist? Hakupatikana hadi leo. Kila siku Slater aliyokaa gerezani ilikuwa siku ya usalama kwa mwenye damu mikononi. Anayedai kwamba haki za mtuhumiwa ni upinzani kwa marehemu na alitafakari hilo.

Sheria yetu inasemaje

Makosa ya Glasgow yana majibu katika sheria ya eneo letu. Tangu mwaka 1936 Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki, katika kesi ya Mwango, iliweka kanuni za gwaride la utambulisho. Mtuhumiwa asimame kati ya watu wasiopungua wanane, wanaofanana naye kadiri iwezekanavyo kwa umri, kimo na sura. Shahidi asimwone kabla ya gwaride. Mashahidi wasizungumze wao kwa wao. Ofisa anayepeleleza kesi asilisimamie. Mtuhumiwa achague mahali pa kusimama, na aruhusiwe kubadili nafasi kila shahidi mmoja anapotoka. Aelezwe pia kwamba anaweza kuwa na wakili au rafiki yake wa kushuhudia.

Mwaka 1953, katika kesi ya Abdala bin Wendo, mahakama hiyohiyo ilifundisha kwamba ushahidi wa mtu mmoja wa utambuzi unaweza kutosha, lakini upimwe kwa uangalifu mkubwa, hasa pale mazingira ya kuona yalipokuwa magumu. Mwaka 1979, katika kesi ya Nabulere, mahakama ya rufani ya Uganda ilieleza maswali ya kuuliza: shahidi alimtazama mtu huyo kwa muda gani? Umbali ulikuwa kiasi gani? Mwanga ulikuwaje? Je, alimfahamu kabla ya siku hiyo? Na Katiba, ibara ya 28, inatamka kwamba kila mshtakiwa ahesabiwe kuwa hana hatia hadi ithibitishwe au akiri mwenyewe. Haisemi "kila mshtakiwa mwenye mwenendo mzuri", wala "kila mshtakiwa wa kabila letu".

Wajibu wetu kijijini

Mauaji yanapotokea, tunawaomba wananchi na wenyeviti wa LC 1 wazingatie haya:

1. Wazuieni watu kuingia ndani ya nyumba. Msioshe damu, msisogeze kiti, msikusanye karatasi. Mlango uliovunjwa na mlango usiovunjwa, vyote viwili vinazungumza.

2. Andikeni majina ya waliokuwapo, lakini msiwakalishe mashahidi pamoja wakalinganisha maneno. Kila mmoja aje na kumbukumbu yake.

3. Msimwonyeshe shahidi picha ya mtuhumiwa kwenye simu, wala msiisambaze. Picha iliyozunguka kijiji kizima huua gwaride la utambulisho kabla halijafanyika.

4. Shahidi aseme alichokiona, asizidishe. "Anafanana naye" ni ushahidi wa heshima. "Sikuuona uso" ni ushahidi wa heshima pia. Adams alibaki na neno lake, na historia imemheshimu.

5. Kuondoka si kukiri. Mchuuzi huvuka mpaka alfajiri siku ya gulio, na kibarua hurudi kwao msimu ukiisha. Kama mtu ameondoka na mnamshuku, tuambieni aliondoka lini na alikuwa amepanga safari tangu lini. Msivuke kumkamata wenyewe. Polisi wa nchi zetu wana njia za kushirikiana kupitia Interpol na EAPCCO, umoja wa wakuu wa polisi wa Mashariki mwa Afrika.

6. Tuambieni pia habari za nyumbani: ugomvi wa shamba, wasia, madeni, vitisho. Ni vigumu kumtaja ndugu kuliko kumtaja mgeni, nasi tunalielewa hilo. Lakini jina litajwe kwa mpelelezi, lisitajwe sokoni.

7. Mtuhumiwa akabidhiwe kituoni akiwa hai. Sheria inatutaka tumfikishe mahakamani ndani ya saa 48, au tumwachie kwa dhamana ya polisi, ambayo hailipiwi hata shilingi. Mkimwona ametoka kwa dhamana, msidhani kesi imeuzwa, upelelezi unaendelea.

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Mwenyeji hawezi kupona ikiwa kila jeraha lake analipaka mgoni wa kusingiziwa. Bibi zetu wanaoishi peke yao wanastahili ulinzi wakiwa hai na haki ya kweli wakiuawa. Haki hiyo hawaipati kwa mtu yeyote tu, bali kwa yule aliyewaua.

Maswali ya kujadili katika mkutano wa kijiji

1. Ni dalili zipi katika nyumba ya Bibi Gilchrist zilizoonyesha kwamba muuaji huenda alimfahamu? Kwa nini ziliachwa?

2. Kama bruchi haikuwa ya marehemu, ni ushahidi gani uliobaki dhidi ya Slater kabla ya mashahidi kupelekwa New York?

3. Katika kijiji chetu, ni nani ambaye kidole kingenyooshwa kwake kwanza, na ni kwa ushahidi gani?

4. Shahidi anayebaki na neno "anafanana naye" huku umati ukimtaka aseme "ndiye", tutamlinda vipi?